Tuandikieni tarehe ya Diwali

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mfinyanzi. Nakaa Isevya, Tabora mjini, na kazi hii nimeirithi kwa marehemu mama. Nafinyanga vyungu, mitungi na vyetezo vya kufukizia udi. Na kila mwaka, tangu nikiwa mtoto wa miaka 9, nafinyanga taa ndogo za udongo ambazo majirani zetu Wahindu huziwasha usiku wa Diwali. Sasa nina miaka 61. Gazeti lako nalisoma kila linaponifikia, hata likiwa la juzi, na leo nimemkalisha mjukuu wangu anichapie haya kwenye simu kwa kuwa nina ombi.

Naomba muwe mnaandika tarehe ya Diwali, tena mapema, kama mnavyotuandikia Iddi inatarajiwa lini na Pasaka imeangukia wiki gani. Kwa sasa, Diwali ikitajwa gazetini, basi ni picha inayotoka siku mbili baada ya sikukuu kwisha, na picha yenyewe mara nyingi ni ya Dar es Salaam. Sisi tunaoishi na watu hawa huku bara tunabaki kukisia. Mwaka jana nilikisia vibaya, na yaliyonipata ndiyo yamenifanya niandike.

Taa hiyo kwa Kigujarati inaitwa kodiyu, zikiwa nyingi ni kodiya. Ni kibakuli kinachoenea kiganjani, mdomo umebanwa upande mmoja ili utambi ulale hapo. Aliyemfundisha mama kuubana ni jirani ambaye mtaa mzima wa madukani tunamwita Ba, yaani mama kwa lugha yao. Wakati huo alikuwa bibi harusi, ameletwa kutoka Mwanza kuolewa hapa kwenye duka la vitenge. Mama alimpelekea kodiya za kwanza zina mdomo mpana, mafuta yakamwagika sakafuni. Ba hakulalamika. Alikuja nyumbani, akaokota moja iliyokuwa bado mbichi, akaweka kidole gumba ndani na kidole cha shahada nje, akabana mara moja, akamrudishia mama. Mpaka leo nabana hivyo hivyo, mara moja tu. Ukirudia, udongo unachanika.

Jambo jingine tulilojifunza kwake ni kwamba kodiyu mpya hulowekwa kwenye maji kutwa nzima kabla ya kutiwa mafuta. Udongo ukishashiba maji, haunywi mafuta. Mwaka ule wa kwanza hatukujua, taa zikazimika mapema, mafuta yote yameingia ukutani mwa kodiyu na utambi umebaki mkavu. Nakumbuka mama alilia njiani tunarudi. Kesho yake Ba alimlipa pesa yake yote, na sahani ya barfi juu yake, kitu ambacho mimi nilikuwa sijawahi kukitia mdomoni, maziwa na sukari vilivyopikwa mpaka vikashikana.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, ili uone kwa nini tarehe ni kitu kikubwa kwangu. Udongo wangu unatoka kwenye mbuga nje ya mji, mahali ambapo masika maji hutuama na kiangazi ardhi hupasuka. Nauchimba, nauanika, nauponda, nauchekecha, kisha naulaza ndani ya maji. Nikiutoa nauchanganya na vigae vya vyungu vya zamani vilivyosagwa, maana udongo mtupu haustahimili moto. Ndipo naukanda. Kufinyanga kodiya 300 ni kazi ya siku nne au tano nikiwa na mtu wa kunikandia. Baada ya hapo zinakaa kivulini siku kumi, na hizo siku kumi hazina njia ya mkato. Kodiyu ikikauka nje tu huku ndani ina unyevu, moto ukiipata, ule unyevu unageuka mvuke unaotafuta pa kutokea, na pa kutokea hakuna. Inapasuka. Mwisho nazipanga shimoni na magome, nyasi na samadi kavu, nachoma usiku kucha, na kesho yake naziacha zipoe polepole. Ukijumlisha yote, kuanzia jembe mpaka kapu, nahitaji wiki tatu. Siwezi kuambiwa leo kwamba sikukuu ni Jumatatu ijayo.

Na tarehe ya Diwali haikai mahali pamoja. Mwaka 2023 ilikuwa tarehe 12 Novemba. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 31 Oktoba, na wengine waliwasha tarehe 1 Novemba, kwa sababu mwezi ulikuwa umekaa katikati ya siku mbili. Nao walibishana kama sisi Waislamu tunavyobishana mwezi umeonekana au haujaonekana. Mwaka jana, 2025, ilikuwa Jumatatu tarehe 20 Oktoba. Mwaka huu itakuwa Jumapili tarehe 8 Novemba. Mtu akiangalia hesabu hizo juu juu anaweza kudhani wanachagua wanavyopenda.

Hawachagui. Ba alinieleza, na mimi nilimwelewa haraka kwa sababu dini yangu nayo inakwenda kwa mwezi. Sisi tunangoja mwezi uandame. Wao wanangoja usiku ambao mwezi haupo kabisa mbinguni, usiku wa giza kuliko mwingine wote wa mwezi ule, na giza hilo ndilo wanaloliwashia taa. Miezi kumi na miwili ya namna hiyo ni siku kama 354, pungufu ya mwaka wa kalenda ya ukutani kwa siku kama 11. Kwa hiyo kila mwaka sikukuu inarudi nyuma. Kwetu sisi inarudi bila kusimama, ndiyo maana nimefunga Ramadhani ya jua kali na nimefunga Ramadhani ya mvua. Wao, kila baada ya miaka miwili na kitu, wanaongeza mwezi mzima wa kumi na tatu ili sikukuu isitoke kwenye majira yake. Waliuongeza mwaka 2023 na wameuongeza mwaka huu. Hivyo Diwali inarudi nyuma, inarudi nyuma, kisha inaruka mbele, lakini haitoki kwenye Oktoba na Novemba. Hesabu hiyo ipo, inajulikana miaka mingi mbele. Si kitu cha kungoja mtu apande juu ya paa achungulie.

Miaka yote tarehe nilikuwa naipata kwa Ba mwenyewe. Mwezi wa nane ukifika nilikuwa napita dukani, nasema shikamoo, yeye anaitikia marahaba kisha ananisalimia kwa Kinyamwezi, mwangaluka mayo, halafu anafungua kalenda yake yenye maandishi ya Kigujarati na kuniwekea kidole kwenye tarehe. Mwaka jana mwezi wa nane Ba alikuwa Dar es Salaam kwa matibabu ya macho. Mwanawe alikuwa safarini Kahama. Kalenda ya ukutani niliyopewa kwenye duka moja ilikuwa na sikukuu zote isipokuwa hiyo. Nikajiambia, mwaka jana ilikuwa mwisho wa Oktoba, mwaka uliotangulia ilikuwa katikati ya Novemba, basi mwaka huu haitakosa kuwa huko huko Novemba. Nikaendelea na mitungi.

Tarehe 11 Oktoba, Jumamosi, mkwe wa Ba alinipigia simu kuuliza kama kodiya zimeshapoa amtume mtu wa bodaboda. Nilikaa chini. Udongo nilikuwa nao, lakini ulikuwa bado ndani ya maji.

Nilifinyanga siku tatu, usiku na mchana, mimi na binti yangu. Nikazianika juani, jambo ambalo mama angenikemea, na Ijumaa usiku nikazichoma. Kuanzia saa tano nilikuwa nazisikia shimoni zikipasuka, pa, pa, pa, kama mahindi kwenye kikaango. Kila mlio nilikuwa najua ni moja. Binti yangu aliziba masikio. Asubuhi nilipofukua, kati ya 300 zilikuwa zimesalimika 96, na nyingine nilikata nazo mkono nikizitoa.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na mimi gae nimelizoea. Lakini kumpelekea mtu gae siku ya sikukuu yake, hilo sijalizoea.

Ba alikuwa amerudi kwa basi Jumamosi ile, jicho moja lina kitambaa. Nilikwenda Jumapili na kapu kichwani, nimeshapanga maneno ya kuomba radhi, yote yakanitoka. Nililiweka kapu chini tu. Alizihesabu kwa vidole kwa sababu kuona alikuwa haoni vizuri, akashika na mkono wangu uliofungwa kitambaa, akauliza umekatwa na nini. Kisha akasema, "Hizi tutaweka mlangoni na kwenye ukuta wa mbele, dada. Za nyuma tutaona kesho."

Kwenye baraza la duka lake kuna fundi cherehani aliyekaa pale miaka mingi. Alikuwa anasikia. Jumatatu mchana, wakati magari ya kampeni za uchaguzi yanazunguka mjini na vipaza sauti, fundi huyo alikuwa akipita mlango hadi mlango kwa miguu. Sikumtuma, na Ba hakumtuma. Nilipofika saa kumi na moja jioni kusaidia kutandaza, nilikuta muuza asali wa sokoni ameleta donge la nta ya nyuki kubwa kama kichwa cha mtoto, na watoto wamekaa chini wamekusanya vizibo vya soda. Nta ilikuwa inayeyushwa kwenye sufuria kuukuu, mtoto mmoja anamimina kizibo kwa kizibo, mwingine anachomeka utambi wa pamba kabla haijaganda. Pamba ilitoka Igunga. Mke wa fundi aliisokota juu ya paja lake kama anavyosokota Ba. Mama wa kwaya ya kanisani alileta mishumaa iliyobaki ya Pasaka. Watu wawili walileta vibatari. Mimi nilikuwa na vyetezo 11 ambavyo havijauzwa, nikavileta. Ba alikipapasa kimoja, akauliza, "Hiki si cha udi wenu?" Nikamwambia bado hakijatiwa moto. Akakiweka katikati ya mlango.

Niliomba ruhusa, nikaenda kusali Magharibi. Saa yao ya kuwasha ndiyo saa yetu ya kuswali, jua likishazama. Niliporudi nilisimama ng'ambo ya barabara. Mhariri, nimeona Diwali zaidi ya hamsini na sijaona kama ile. Kodiya zina moto mdogo wa manjano unaosimama wima. Nta ina moto mweupe zaidi na inanuka asali. Vibatari vinafuka moshi. Mishumaa ya kanisani ilikuwa mirefu imepita yote. Ukuta mzima wa duka ulikuwa hivyo, hakuna taa iliyofanana na jirani yake, na umeme wa nyumba ulikuwa umezimwa makusudi.

Hapo chini mlangoni mkwe wa Ba alikuwa amechora rangoli, maua ya unga wa mchele uliotiwa manjano na rangi nyekundu. Hata jina lake ukilisikiliza utasikia neno rangi mle ndani. Ba anapenda ichorwe kwa unga wa chakula, si kwa chokaa, ili usiku sisimizi nao wapate chochote.

Nitaje na usiku wa mwaka 2023, maana ni wa namna yake. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa na zilikuwa zimeshaanza. Jioni ya Diwali kumbikumbi wakatoka ardhini, wakaona taa, wakaja kwa maelfu. Watoto wa mtaani wakaleta mabeseni ya maji, kila mmoja anajua kumbikumbi ni kitoweo. Ba alitoka nje. Familia yake haili chenye uhai, na usiku ule kwao si usiku wa kuua. Hakuwafukuza watoto. Aliwaita, akawapa kila mmoja kodiyu yake yenye mafuta na moto, akawaomba wahamie na mabeseni yao upande wa pili wa barabara, kwenye mwembe. Wakahama. Kumbikumbi wengi wakawafuata huko. Nilimwona Ba akiokota kwa ncha za vidole wale waliokuwa wamenasa kwenye mafuta ya taa zake, mmoja mmoja, akiwapuliza mbawa. Hakusema neno lolote kuhusu mabeseni yale, wala sisi hatukusema.

Kuhusu fataki nitasema kwa kifupi kwa sababu malalamiko nimeyasikia. Zamani kelele zilikuwapo. Miaka hii kwa Ba wanawasha zile ndogo za kushika mkononi zinazotoa cheche, basi.

Sasa nije kwenye jambo lililoniuma mwaka jana, na siyo zile 204 zilizopasuka. Tukiwa tumesimama pale barabarani, kijana mmoja alipita na pikipiki, akapunguza mwendo, akasema kwa sauti, sikukuu ya wageni hiyo. Akaenda zake. Mjukuu wa Ba, kijana wa kidato cha pili, alisikia. Alizaliwa Hospitali ya Kitete, hapa hapa Tabora, kama mjukuu wangu huyu anayeandika.

Mgeni ni nani Tabora? Mji huu umeoteshwa na njia za misafara, na miembe tunayojivunia ilikuja na misafara hiyo. Reli ilipofika hapa mwaka 1912 ilishusha watu wa kila namna, na baba mkwe wa Ba alikuwa akisimulia kwamba babu yake alishuka kwenye treni hiyo na masanduku mawili, baada ya kuvuka bahari kwa jahazi kutoka Kutch, India, hadi Unguja. Ni mji huu pia ambao Januari 1958 TANU ilikutana na Mwalimu Nyerere akawashawishi wajumbe waikubali kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Baba yangu alikuwa kijana, hakuipenda kura hiyo, na wengi hawakuipenda. Lakini alikuwa akisema kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa chini kumfikiria Mwasia kama mtu wa kumpa kura, si mtu wa kumdai au kudaiwa naye. Nimeyakumbuka maneno yake usiku ule.

Na hawa waliobaki, wamebaki kwa kutaka. Baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majumba, wengi walifunga mizigo. Ndugu zake mume wa Ba walikwenda Leicester, Uingereza, na huko Diwali ni kubwa hasa, barabara nzima ya Belgrave inawashwa taa. Mume wa Ba alikataa kuondoka. Amefia hapa. Mtaani kwetu zimebaki nyumba mbili za Wahindu. Nyumba mbili haziwezi kuubeba usiku kama ule peke yao, ndiyo maana mwaka jana, pamoja na sisi wa mtaani, walikuja Wahindu wa Nzega na wa Urambo, na mhandisi mmoja kutoka Tamil Nadu, kusini mwa India, aliyepo hapa kwa mkataba. Huyo anaiita Dipavali, na alishangaa kwamba sisi tunangoja usiku. Kwao sherehe ni alfajiri, mtu anajipaka mafuta mwili mzima, anaoga kabla jua halijatoka na kuvaa nguo mpya. Alikuwa ameshafanya hivyo peke yake chumbani kwake kabla ya kwenda kazini. Jioni akaja na bakuli la kaukau za unga wa mchele zilizosokotwa kama kamba, akala na watu.

Nisieleweke vibaya: watu huchanganya Wahindi na Wahindu. Wahindi wengine ni Waislamu kama mimi, na Diwali si yao. Hilo nalo gazeti likilieleza litakuwa limesaidia.

Kuna na ile methali yetu ya Baniani na kiatu chake. Naijua tangu utotoni, na nimewahi kuisema. Siku moja mjukuu wa Ba alirudi shuleni akamwuliza bibi yake Baniani ni nani. Bibi yake akamjibu, ni sisi. Mtoto akauliza, na ubaya wetu ni upi. Nilikuwa nimekaa pale nasubiri chenji. Tangu siku hiyo methali hiyo haijatoka kinywani mwangu, na nyumbani kwangu haitamkwi.

Turudi usiku ule. Simu ya Leicester ilipigwa, ile ya kuonana. Mjukuu mdogo wa Ba, mwenye miaka minne, akawa anaruka mbele ya simu akiita, "Mama! Mama!" Wanawake wa mtaani wakawa wanamtafuta mama yake wamwite, kumbe mtoto anamwita mjomba. Kwa Kigujarati mama ni mjomba, ndugu wa mama mzazi; kaka ni baba mdogo au baba mkubwa; na dada ni babu. Huyo mjomba aliulizia taa. Aliondoka Tabora akiwa na miaka kumi. Mkwe wa Ba akageuza simu, akamwonyesha ukuta, akamsogezea kodiyu moja karibu kabisa mpaka kioo kikaingia ukungu. Akauliza, bado ni za yule mama wa Isevya? Nikaitwa. Nikamwambia yule alikuwa mama yangu, mimi ni yule mtoto aliyekuwa anabeba kapu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaomba kodiya 12, za huu udongo wetu, na mwezi wa kwanza mwaka huu mpwa wake alipokuja kutembea alizichukua ndani ya begi la mkononi, kila moja nimeifunga kwa kipande cha kanga.

Na kabla ya watu kutawanyika, mtoto wa kiume wa Ba aliweka mezani, mbele ya picha ya miungu yao Laxmi na Ganesh, daftari jipya la hesabu lenye jalada jekundu. Wafanyabiashara wa Kigujarati wanaombea vitabu vyao usiku huo, maana baada ya Diwali mwaka wao mpya unaanza. Aliandika kwa wino mwekundu maneno mawili, Shubh na Labh, heri na faida. Pembeni ya daftari aliweka na mashine ya risiti, ile ya EFD, ikapata tone lake la rangi nyekundu kama daftari. Halafu akafungua daftari la zamani, akatafuta jina langu, akanilipa. Nikamwambia mimi nimeleta 96, si 300. Akasema hawaingii mwaka mpya na deni la mtu, akanihesabia za 96 na za vyetezo 11. Bei ya chetezo ni kubwa kuliko ya kodiyu, na aliijua.

Asubuhi ya mwaka huo mpya wanasalimiana Saal Mubarak. Sikiliza neno hilo la pili, Mhariri. Ni letu sote. Mimi nilimwambia Ba Saal Mubarak, naye Machi mwaka huu, asubuhi ya Iddi, alikuja kwangu na sufuria la siviyo, tambi za maziwa, jicho limeshapona, akanisalimia kwa neno lile lile.

Hayo ndiyo yaliyotokea kwa sababu ya tarehe ambayo haikuandikwa popote ninapoweza kusoma. Najua kuna atakayesema mbona mwisho ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kwa sababu fundi cherehani alikuwa anasikia na muuza asali alikuwa na nta. Mwaka huu sitaki kumtegemea fundi. Nataka kuleta kodiya 300 nzima, zilizokauka siku zake zote, na nta na vibatari vije juu ya hizo, kwa sababu watoto wameshaniambia vizibo vya soda wameanza kukusanya.

Si mimi tu ninayehitaji tarehe hiyo. Muuza maua anahitaji, muuza maziwa anahitaji, kwa sababu wiki ile maziwa ya barfi huisha mjini na bei inapanda. Mwalimu anahitaji, asipange jaribio siku ile. Anahitaji na kijana wa pikipiki, akipita aone kitu ambacho alishakisoma gazetini kwake wiki moja kabla, chenye jina na tarehe. Wanaochapisha kalenda za ukutani nao wakisoma barua hii, nawaomba vivyo hivyo.

Mwaka huu ni Jumapili, tarehe 8 Novemba 2026. Mwakani ni Ijumaa, tarehe 29 Oktoba 2027. Ba ameniwekea kidole kwenye kalenda yake nikaandika. Nafasi inayotakiwa ni mstari mmoja.

Wako,
Mfinyanzi wa Isevya,
Tabora.